Wakuu, kila nikianza mazoezi naishia siku ya tisa. Nifanyeje?

Ngosha wa Igogo:
Habari za jioni wakuu. Naomba ushauri, wa kejeli apite kimya kimya. Nina miaka 41, kilo 103, nina kibanda cha vipuri vya pikipiki hapa Igogo, Mwanza. Tangu Januari nimeanza mazoezi mara nne. Naamka saa kumi na moja alfajiri, nakimbia mpaka Kamanga, nazunguka Capri Point, jua linanikuta huko linachomoza juu ya maji. Wiki ya kwanza natesa. Ikifika siku ya nane, ya tisa, mwili unagoma, nalala mpaka saa mbili. Nimetega kengele tatu kwenye simu, nimemlipa hadi kijana wa bodaboda aje kunipigia honi dirishani. Raba nimenunua kwenye mitumba ya Mlango Mmoja, elfu 45. Nataka nifike kilo 85 kabla ya Desemba. Mnaodumu mnafanyaje?

Mzee wa Mwaloni:
Mnakimbia bila sababu, ndiyo shida yenu. Mimi nimebeba magunia ya dagaa pale Mwaloni Kirumba miaka kumi na moja, sijawahi kusikia neno ratiba. Gunia halikuulizi umeamkaje. Siku hizi nina kitambi kama wewe, ila changu ni cha heshima.

Mama Sato:
Acha ugali wa usiku. Mume wangu alipungua kilo nane kwa sato wa kuchemsha na mlenda. Alipopendeza akapata na mchepuko, lakini hayo ni ya uzi mwingine.

Kocha wa Furahisha:
Mkuu, umeanzia juu mno. Halafu hizi habari kwamba ukirudia jambo siku 21 linakuwa mazoea zinawadanganya watu. Zilitoka kwa daktari wa upasuaji wa Marekani, Maxwell Maltz. Mwaka 1960 aliandika kuwa wagonjwa wake walihitaji siku 21 hivi, pengine zaidi, kuzoea sura mpya. Watu wakageuza sheria. Phillippa Lally na wenzake wa chuo kikuu kimoja London walifuatilia watu 96: wastani ulikuwa siku 66 mpaka jambo lijiendeshe lenyewe, wa haraka 18, wa mwisho wakakadiriwa 254. Na kuruka siku moja hakukuwaharibia. Wewe ukikosa moja unafunga duka zima. Ukishafunga kibanda jioni, tembea robo saa, basi. Kufunga kibanda husahau, kwa hiyo na kutembea hutasahau. Sasa nieleze, mwili unagomaje?

Ngosha wa Igogo:
Uvivu tu mkuu.

DadaNesi:
Uvivu hauna tarehe, kaka. Wa kwako unakuja siku ya nane kila mara. Kuna dawa unatumia?

Ngosha wa Igogo:
Sikutaka kuliweka hapa, najua wote mtahamia huko. Mwaka jana nilikutwa na presha, nikapewa kidonge kimoja kila asubuhi. Nikianza mazoezi naacha vidonge, nijue kinachofanya kazi ni zoezi au dawa. Siku ya nane kisogo kinagonga, nikiinama kufunga kamba za raba naona nyota, basi narudi kwenye vidonge na kulala. Msinihukumu. Marehemu baba siku anafariki tulimkuta na pakiti ya vidonge mfukoni mwa koti. Sitaki maisha hayo. Safari hii nimeshaamua, na mke wangu nimemwambia daktari kasema dozi imeisha.

DadaNesi:
Dozi ya presha haiishi kama ya malaria. Mazoezi yanashusha presha kweli, ila anayepunguza dawa ni daktari, akiwa na vipimo vyako mkononi. Kuna nyingine ukizikata ghafla presha inaruka kuliko mwanzo. Shirika la Afya Duniani linataka angalau dakika 150 kwa wiki, hata za kutembea haraka. Halijataka uzunguke Capri Point gizani.

Mama Sato:
Kwa hiyo mke anadanganywa? Wanaume!

Mtani wa Kashai:
Hii ni chai, tena haina sukari. Nimesoma Mwanza miaka minne. Ziwa liko magharibi, jua linazama majini. La kwake linachomoza majini! Na raba elfu 45 Mlango Mmoja labda alinunua pamoja na muuzaji.

Kocha wa Furahisha:
Daah. Nimeandika aya nzima kwa ajili ya chai?

Mzee wa Mwaloni:
Mtani, miaka minne ulikuwa umelala. Capri Point ni rasi. Simama upande unaotazama Igogo alfajiri, maji yako mbele yako na jua linatokea kule. Kwenye bei ya raba sisemi kitu.

Ngosha wa Igogo:
Nilipigwa bei, nakubali. Ningetunga hadithi ningejipa kilo 80.

DadaNesi:
Jua litoke popote. Umepima lini?

Ngosha wa Igogo:
Nimetoka duka la dawa sasa hivi. 171 kwa 106. Kijana kapima mara mbili, ya pili akabadilisha mkono.

DadaNesi:
Kesho asubuhi kliniki, nenda na boksi la vidonge. Usiku huu kichwa kikizidi, kifua kikibana au ulimi ukiwa mzito, usisubiri kuche, nenda hospitali. Na mwambie mkeo.

Ngosha wa Igogo:
Kliniki nitaenda.

Mama Sato:
Na mke?

Mtani wa Kashai:
Kimyaaa. Hizo raba saizi ngapi, mkuu?

Ngosha wa Igogo:
43. Siuzi.