Wauza trela, acheni kudanganya watu: "kilo 750" SI mzigo!

Wakuu, leo naandika kwa hasira na sitaomba radhi.

Kila ukifungua matangazo ni lile lile: "Trela ya pikipiki, imara, inabeba pikipiki yoyote, kilo 750." Kilo 750 za nini? Huo ni uzito wa jumla unaoruhusiwa, yaani trela yenyewe pamoja na kila kilichopanda juu yake. Trela tupu ikiwa na kilo 270, mzigo wako ni 480. Toa rampu, tairi la akiba na boksi la vifaa, umebakiwa na 430 hivi. Na msidhani 750 imepatikana kwa kupima nguvu ya chuma. Kwa sheria za Ulaya, trela isiyozidi hapo haidaiwi breki zake yenyewe, basi kila mtengenezaji anajibanza chini ya mstari huo. Uzito wa trela tupu uko kwenye karatasi zake. Muuzaji anaujua, ila tangazoni haumo.

Ukibeba pikipiki ya matopeni ya kilo 110 hutagundua chochote. Shida inaanza na hizi nzito. Honda Gold Wing Tour ina kilo 380 hivi ikiwa na mafuta, na Harley-Davidson kubwa za safari hazipishani nayo sana. Jaza mabegi ya pembeni, umevuka 400. Mbili kwa pamoja kwenye trela ya 750? Hesabu imegoma kabla hata hujawasha gari, lakini picha za tangazo zinaonyesha mbili!

Tuje kwenye reli, ule mfereji wa chuma ambamo magurudumu ya pikipiki yanakaa. Gold Wing za kuanzia 2018 zina tairi la nyuma la upana wa milimita 200. Reli nyingi za "trela ya pikipiki" zina nafasi ya ndani ya 150. Tairi haligusi sakafu ya reli, linakalia kingo zake mbili. Kila shimo la barabara kingo zinauma ubavu wa tairi, pikipiki inatikisika, mikanda inalegea. Muuzaji anakwambia "itaingia tu". Chukua futi, pima ndani ya reli, sio nje.

Halafu pete za kufungia mikanda. Hapa ndipo napandwa na jazba kabisa. Inama uangalie chini ya sakafu. Pete ya maana imechomelewa au kufungwa bolti kwenye chesisi, kwenye chuma kinachobeba. Za kwenye matangazo zimepigwa skrubu za mbao juu ya plaiwudi, au bolti imepita kwenye bati la milimita 2 na chini yake kuna kiwasha (kipete bapa cha chini ya nati) kidogo kama kifungo cha shati. Mkanda ukivuta, bati linavimba kuzunguka bolti, kitundu kinapanuka, kisha siku ya breki ya ghafla kiwasha kinapita chote. Kama chesisi iko mbali na pete, weka chini sahani ya chuma ya milimita 5, ukubwa wa kiganja, na bolti za milimita 10. Si kazi ngumu. Ni uvivu wao tu.

Na pete zenyewe ziko wapi? Sehemu unayofungia mkanda wa mbele iko karibu sentimita 80 kutoka sakafuni. Trela ya reli moja yenye upana wa 70 inakupa 35 kila upande, kwa hiyo mkanda unakaribia kusimama wima. Unavuta chini vizuri, lakini hauzuii pikipiki kulala upande. Unataka mkanda ulale karibu nyuzi 45, na ule wa mbele uvute pia kuelekea mbele, gurudumu likae ndani ya kishikio chake. Trela nyembamba haiwezi, hata uinunue mpya kabisa.

Tairi sasa. Soma ubavuni. Ukikuta vitairi vya inchi 8 vilivyoandikwa kilo 265 kila kimoja, viwili vinabeba 530. Hata ukitoa 70 zinazoegemea gari kwenye kichwa cha kuvutia, trela ikijazwa 750 bado 680 ziko juu ya tairi za 530. Nani alipitisha hiyo? Tena kitairi kidogo kinazunguka mara nyingi zaidi kwa mwendo ule ule, kwa hiyo beringi zinapata moto. Mwenye pikipiki nzito atafute rimu za inchi 13, jambo likwishe.

Mnaouza mje hapa mjibu.

FundiEkseli:
Mkuu umesema kweli, ila umesahau uzito wa kwenye kichwa cha kuvutia. Trela za reli moja wanaziuza na kishikio cha gurudumu kilichochomelewa palepale, hakisogei. Pikipiki fupi na ndefu zote zinakaa alipoamua mchomeleaji. Uzito unaoegemea gari uwe asilimia 10 hadi 15 ya trela yote iliyopakiwa, bila kuvuka kikomo cha gari. Trela ya kilo 650 basi ni 65 hadi 97. Ukipungua, trela inaanza kutikisa mkia kwenye mwendo, na ukiongeza gesi ndiyo unaiharibu zaidi. Ukizidi, mbele ya gari kunakuwa kwepesi na usukani unapoteza mshiko. Kupima si kazi: pakia, weka mzani wa bafuni juu ya tofali chini ya kichwa, trela ikiwa imelala sawasawa. Kishikio kiwe cha bolti, chenye matundu ya kusogeza mbele na nyuma. Cha kuchomelewa, achana nacho.

Rampu_ndefu:
Kuna jinai nyingine: rampu ya zawadi. Sakafu ya trela ikiwa juu sentimita 60 na rampu ina mita 1.8, mteremko ni karibu nyuzi 19. Pikipiki ya kilo 380 hapo inakurudia kwa nguvu ya kilo 127 hivi. Rampu ya mita 2.4 inashusha hiyo hadi 95, na tumbo la pikipiki halikwaruzi pale juu. Nyembamba ya sentimita 20 haina pa kuweka miguu. Ukikwama katikati huna pa kukanyaga. Na uifunge kwa mkanda kwenye trela, la sivyo gurudumu la nyuma linaipiga teke inaondoka.

MzigoMzito (mwenye uzi):
Rampu nilikuwa naihifadhia uzi wake, ila sawa. Trela ya sakafu inayoinama au kushuka hadi chini inaua huo ugomvi wote, mradi kufuli lake la sakafu liwe na pini ya pili.

Racheti4:
Trela hata iwe ya dhahabu, wengi wanafunga kwenye usukani. Kwa kilo 380, usikubali. Kama ina shokapu za mbele za kawaida, mbele funga kwenye kibano cha chini kinachozishika pamoja, kwa vitanzi laini, nyuma kwenye fremu. Bonyeza shokapu karibu nusu ya safari yake; ukizibana hadi mwisho unazichosha sili. Stendi ya pembeni ipandishwe. Namba kubwa kwenye pakiti ya mkanda ni ya kukatika. Ya kazi kwa kawaida ni theluthi yake. Kilomita 20 za mwanzo zikiisha, simama ukaze tena.

FundiEkseli:
Nyongeza kwa wanaonunua za kutoka Marekani: tufe la nyuma ya gari, lile linaloingia kwenye kichwa cha trela, lipo la milimita 47.6 na la 50.8. Kichwa cha kubwa kinakaa juu ya dogo na kinafunga kabisa, hutagundua kwa macho. Funga, weka jeki chini ya mkono wa trela, inua. Nyuma ya gari ikipanda pamoja nao, kimeshika. Kikichomoka, usitoke nacho uani.