Nimeuliza ajira, nimejibiwa MBOLEA!

Wakuu, nimetoka ukumbini sasa hivi, kwenye mkutano wa mradi wa uwanja wa mbio za farasi wanaotaka kutujengea, hata viatu sijavua. Mwenye mradi mnamjua. Yule wa kitochi chenye nukta nyekundu, anayetamka "jamii" mara elfu kwa dakika.

Nimepanga foleni ya maiki mpaka nikahisi naota mizizi. Zamu yangu ilipofika nikauliza swali moja tu: hizo ajira za uwanja wa mbio za farasi, ngapi ni za mwaka mzima na ngapi ni za siku za mbio tu? Akatabasamu. "Mama, ondoa shaka, mbolea ya farasi mtapata bure." Ukumbi ukaangua kicheko. Kijana wake akanichomoa maiki mkononi. Ile nukta nyekundu bado inacheza kwenye pua ya farasi ukutani.

MBOLEA! Farasi mmoja anatoa zaidi ya kilo 20 za kinyesi na mkojo kwa siku. Jaza mabanda, halafu uone mlima wake. Mwenye mabanda lazima atafute pa kuupeleka. Sasa mzigo wake anatutwisha sisi, na tumshukuru!

Pale ukutani wameonyesha watoto na maputo. Mashine za kamari hazipo hata moja. Fungua makabrasha waliyogawa, ukurasa wa mwisho, maandishi kama mayai ya chawa: zipo! Huko Marekani viwanja vingi sehemu kubwa ya zawadi za mbio inatoka kwenye mashine hizohizo. Farasi anawekwa mlangoni, pesa inaliwa ndani.

Nilikuwa na swali la pili. Mbio zikikosa watu, sisi tunabaki na nini? Klabu ya mbio za farasi ya Singapore ilianza 1842, mbio za mwisho zilikuwa Oktoba 2024, ardhi inarudi serikalini zijengwe nyumba. Hollywood Park, uwanja wa mbio kule California, ulifungwa 2013, leo pana uwanja wa mpira wa Kimarekani. Hilo sikulifikisha. Nilishapewa mbolea.

Kwato Nne: Mama Mbolea karibu jukwaani. Tukuletee kwa gunia au kwa lori?

Bundi Macho: Afadhali wewe umeondoka na kitu. Mimi nimeuliza kelele za matamasha ya usiku hapo uwanjani, nikaambiwa "tumelipokea". Wamelipokea wakaliweka wapi?

Mleta uzi: Kwato Nne, mimi sitanii. Swali niliandika kwenye karatasi tangu jana, limelowa jasho mpaka wino umetoka. Nina vijana wawili nyumbani hawana kazi. Mtu mzima ananijibu mbolea mbele ya watu!

Shangazi Mkavu: Pole dada. Ila na wewe ungemng'ang'ania. Maiki inachomolewa unaiangalia tu?

Mleta uzi: Nilipigwa na butwaa. Mbolea, shangazi. MBOLEA.

Hatamu: Na farasi wenyewe nani anawasemea? 2023 pale Churchill Downs, uwanja wa mbio kule Marekani, walikufa 12 ndani ya wiki chache, mbio zikahamishiwa uwanja mwingine, Ellis Park. Akivunjika mguu vibaya hapelekwi wodini, anauawa. Hakuna aliyeuliza hilo.

Kwato Nne: Hatamu, foleni ilikuwa ndefu, farasi angeuliza mwenyewe.

Mzee wa Mkeka: Mnapoteza muda na kinyesi. Kwenye dau za farasi mara nyingi pesa zote zinaingia chungu kimoja, mwendeshaji anakata chake kwanza, kinachobaki ndicho mnachogawana washindi. Yeye farasi yeyote akishinda sawa tu. Heri mpira. Ingawa jana mkeka wangu umechanika dakika ya 90, timu moja tu!

Bundi Macho: Wa kwangu umechanika dakika ya 93. Kipa kaushika mpira vizuri, kautema mwenyewe.

Shangazi Mkavu: Hiyo mikeka ndiyo imenimalizia mume. Mnaona farasi wabaya, simu mnayolala nayo je?

Mleta uzi: Jamani turudi kwenye mada. Aliniambia hivi, "mbolea ya farasi mtapata bure"...

Hatamu: Tumekusikia mama. Bundi, kipa yupi huyo?

Bundi Macho: Yuleyule wa wiki iliyopita.

Mzee wa Mkeka: Huyo huyo! Namfungulia uzi wake sasa hivi.