Tupeane uzoefu: wimbo usio wa kanisani uliokufariji ukiwa katika shida

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Naomba tusimuliane jinsi wimbo wa kawaida wa redioni ulivyotufariji katika kipindi kigumu, nami naanza.

Desemba 2011, katika mafuriko yaliyoua watu zaidi ya 40 hapa Dar es Salaam, maji ya mto Msimbazi yaliingia chumbani kwetu usiku yakalifikia godoro. Tulitoka na watoto, cherehani na redio ndogo ya betri. Cherehani ilikwisha kujaa tope. Redio ilipona kwa kuwa ilikuwa imetundikwa msumarini. Majirani kadhaa walikuja kupewa viwanja Mabwepande, lakini sisi tulikuwa wapangaji, tukahifadhiwa na shemeji Magomeni, watu sita kwenye mkeka mmoja sebuleni. Sikuweza kusali. Nilikuwa nikifumba macho, maneno hayaji.

Usiku mmoja redio ikapiga “Bridge over Troubled Water” ya Simon na Garfunkel, wimbo wa mwaka 1970 ambao marehemu baba alikuwa na santuri yake. Unaanza na piano, kisha sauti ya upole inamwambia mtu aliyechoka kwamba yupo atakayejilaza awe daraja lake juu ya maji yaliyochafuka. Papo hapo nikakumbuka Isaya 43:2, “Upitapo katika maji mengi nitakuwa pamoja nawe”, nikalia kwa mara ya kwanza tangu mafuriko yale, na nasema bila kusita kwamba kilio kile kilikuwa sala.

Baadaye nilisoma kwamba Paul Simon, mtunzi wake, ambaye ni Myahudi, aliupata mstari wa daraja kwa Claude Jeter, mwimbaji wa injili wa kundi la Swan Silvertones la Marekani. Kumbe neno lilitoka kwa waimba injili, likazunguka dunia, likanikuta mkekani.

Mchangiaji wa Manzese:

Amina, dada, na pole sana. Mimi ni mjane. Marehemu mume wangu alikuwa mshabiki wa Liverpool, na jirani na genge langu la mboga pana kibanda umiza cha kuonyeshea mpira, ambako vijana huimba wimbo wa mashabiki wa Liverpool, “You’ll Never Walk Alone”, yaani “Hutatembea peke yako kamwe”, kabla ya mechi. Baada ya msiba nilikuwa nikifunga genge mapema nisiusikie. Siku moja kijana mmoja akanieleza kwamba wimbo huo ulitungwa kwa ajili ya mchezo wa jukwaani wa mwaka 1945, ambamo mwanamke anaimbiwa mumewe akiwa amefariki muda huo huo. Nilibaki nimeshika fungu la mchicha. Tangu hapo vijana wakiimba, mimi nasema moyoni Zaburi ya 23, “kwa maana Wewe upo pamoja nami”, na genge silifungi.

Mchangiaji wa Kigamboni:

Poleni, wanangu. Mimi ni mzee wa kanisa, na kwa miaka mingi nimewakanya vijana juu ya nyimbo za dunia. Sibishani na machozi ya mtu, ila nauliza kwa upendo: faraja hiyo iliwarudisha kwenye Neno, au iliishia kwenye wimbo?

Mwanzilishi wa mada:

Shikamoo, mzee wangu. Swali lako ni la haki. Tangu mafuriko nilikuwa sijakanyaga kanisani, kwa aibu ya nguo na kwa uchungu niliokuwa nao kwa Mungu. Jumapili iliyofuata usiku ule niliazima kanga ya wifi, nikakaa benchi la mwisho karibu na mlango ili niweze kuondoka. Somo liliposomwa sikuondoka, na kwaya ilipoinuka kuimba, sauti yangu ikatoka.