Kona ilipe mara ngapi?

Haya ya kuchangia barabara yetu nimeyatoa kwenye kikundi chetu, MAJIRANI WA MTEREMKO, Mwanza, kwa ajili ya wale wazee watatu wasio na simu janja ambao wanasema tunapanga mambo gizani. Salamu, picha za maua na matangazo ya mikopo nimeyaruka. Palipo na mabano ni mimi, Katibu.

Jumatano, kuanzia saa moja usiku

Mwenyekiti wa Mtaa: Habari za jioni majirani. Nimetoka kuonana na Mheshimiwa Diwani. Baraza linakaa wiki ijayo kupitia bajeti ya mwaka unaoanza Julai. Barabara zilizoombwa kwenye kata ni nyingi, hela ni ya barabara chache. Kaniambia hivi: mkiwa na mitaro imechimbwa na mawe yamelala kando ya njia, nitakuwa na cha kusimamia nikinyanyua mkono. Greda na mashine ya kushindilia zitaombwa huko. Naomba tuzungumze, na tuzungumze kama watu wazima.

Mama Neema: Mawe? Mwanza hii tununue mawe? 😂😂

Fundi Kulwa: Mama Neema mawe yapo bure, anayeyapasua ndiye anataka kula.

Juma Boda: 📷

(Picha ni lile shimo la barabarani mbele ya nyumba ya Bi. Zawadi, pale kwenye kona. Ndani mna maji ya rangi ya chai, ndala moja ya bluu, na kopo la rangi ambalo mtu kasimika tawi la mwarobaini ili magari yaone.)

Juma Boda: Hilo la leo asubuhi. Abiria kashuka mwenyewe kasema bora atembee. Nauli kanilipa nusu.

Mama Neema: We Juma hiyo ndala ni ya Neema!! Katafuta siku mbili nikamchapa bure mtoto wa watu

Mwalimu Bahati: Turudi kwenye hoja tafadhali.

Fundi Kulwa: Hoja ni maji, Mwalimu. Mwaka juzi tulimwaga moramu hapa, tripu kumi na mbili. Leo iko wapi? Iko ziwani inalaliwa na sato. Mvua ikipiga kwenye majabali ya juu, maji hayana njia ila katikati ya barabara. Kwa hiyo cha kwanza ni mtaro pande zote mbili kwenye ule mteremko mkali. Cha pili kalvati kwa Bi. Zawadi, maji yanakatiza pale. Barabara yenyewe ije ya tatu.

Elia Mpangaji: Lami?

Fundi Kulwa: Lami utaiota. Mawe, kama zile barabara za mawe za vilimani huko mjini. Ni mita sitini tu za mteremko. Jiwe linakaa juu ya mchanga, uso bapa juu, mkia chini, unalibana na jirani yake kwa nyundo mpaka ukilipiga teke unaumia wewe. Kule chini kwenye tambarare moramu inatosha, ila ishindiliwe ikiwa na unyevu. Mwaka juzi tulishindilia vumbi.

Mama Neema: Tulishindilia kwa matairi ya Fuso ya Doto

Doto Fuso: Nimeanza kutajwa 😐

Mwalimu Bahati: Nimekaa na Fundi jana, tumepiga hesabu. Saruji, wapasua mawe, mafundi wawili: 1,860,000. Kuchimba na kubeba ni sisi wenyewe. Kalvati tuiombe kwenye bajeti. Nyumba ziko 31, kwa hiyo kila nyumba 60,000. Lakini mimi naona si haki nyumba yenye uzio wa mita kumi ilipe sawa na yenye uzio wa mita arobaini. Napendekeza kila mtu alipe kwa urefu wa uzio wake unaogusa njia.

Bi. Zawadi wa Kona: 🎤 1:47

(Naiandika ilivyo, ukiondoa kuku waliosikika nyuma.) "Mwalimu, shikamoo. Nimekusikia. Mimi njia inanigusa mbele, tena inanigusa ubavuni. Kwa hesabu yako mimi nitalipa kama nyumba tatu. Marehemu alichukua kona kwa sababu ya duka. Duka unajua lilifungwa lini. Kilichobaki ni vumbi mbele, vumbi ubavuni, na hilo shimo watu wanalipiga picha. Leo kona imekuwa kosa. Sawa. Nimemaliza."

Mwalimu Bahati: Marahaba Bi. Zawadi. Sikukulenga wewe.

Mama Neema: Umemlenga kwa futi kamba Mwalimu

(Hapa kimya dakika nane. Alama za bluu zilikuwa zinaongezeka tu.)

Pendo Minnesota: Shikamooni wakubwa zangu. Nimesoma yote nikiwa kazini, huku ni saa tano asubuhi.

(Pendo ni wa Mama Tabu, nyumba ya 9. Yuko Marekani mwaka wa sita sasa.)

Pendo Minnesota: Msicheke. Hapa ninapoishi, kitongoji cha pembeni ya Minneapolis, baraza la jiji limekuwa likibishana hilo hilo. Kona ilipe mara ngapi.

Juma Boda: Marekani kuna mashimo???

Pendo Minnesota: Ungekuja mwezi wa nne ungefurahi. Baridi yetu ni ya kugandisha. Maji yanaingia kwenye ufa wa lami, yanaganda, yanavimba, yanainua lami. Yakiyeyuka chini panabaki patupu, gari likipita panadidimia. Kila mwaka.

Fundi Kulwa: Nilisema. Maji.

Pendo Minnesota: Utaratibu wa zamani uko hivi. Jiji likitaka kufumua barabara yako unaletewa barua: sehemu yako ni kiasi hiki. Wengine hupimiwa kwa urefu wa kiwanja kinachogusa barabara, kama alivyosema Mwalimu. Wengine kwa nyumba. Ni maelfu ya dola. Usipoweza kutoa yote, inagawanywa kwa miaka kadhaa na riba juu, inakusanywa pamoja na kodi ya nyumba.

Mama Neema: RIBA. Kwa barabara

Pendo Minnesota: Ila jiji nalo lina kamba shingoni. Sheria ya jimbo, wanaiita sura ya 429, inasema huwezi kumtoza mtu zaidi ya thamani ambayo kiwanja chake kimepanda kwa sababu ya kazi hiyo. Na lazima waitishe kikao, watu waseme. Mtu akiona amezidishiwa anakwenda mahakamani.

Bi. Zawadi wa Kona: Pendo mwanangu, hebu rudia hapo pa thamani.

Pendo Minnesota: Kwamba ukitozwa, iwe kwa faida uliyoipata wewe mama. Mita za uzio peke yake hazitoshi.

Bi. Zawadi wa Kona: Ahsante. Mwalimu umesoma?

Mwalimu Bahati: Nimesoma.

Pendo Minnesota: Sasa kuna madiwani huku wanataka barua zife kabisa. Badala yake kila mwezi iwekwe ada ndogo kwenye bili ya umeme na gesi. Jiji linaitoza kampuni ya umeme, kampuni inakuwekea wewe kwenye bili. Hela inakwenda kwenye barabara tu.

Mama Neema: LUKU hiyo!!! Wameiga kwetu 😂😂😂

Mwalimu Bahati: Hawajaiga, ila inafanana. Kwetu kodi ya majengo ilihamia kwenye LUKU mwaka 2021, shilingi 1,000 kwa mwezi nyumba ya kawaida, mwaka 2023 ikawa 1,500. Lakini ile ni kodi ya jengo, si ya barabara.

Elia Mpangaji: Na anayenunua umeme ni nani? Mimi. Jengo la nani? Si langu. Nilimwambia baba mwenye nyumba tukatane kwenye kodi akacheka, akaniuliza kama nimekula.

Juma Boda: 😂😂😂

Pendo Minnesota: Kelele ni hiyo hiyo huku Elia. Mpangaji naye atalipa. Wanaoitetea wanasema hata makanisa, ambayo hayalipi kodi ya nyumba, yanawasha taa, kwa hiyo yatachangia. Lakini kwenye kikao kuna bibi mmoja alisimama na risiti yake. Barabara ya kwake ilitengenezwa miaka miwili nyuma, akalipa yote kwa barua. Akauliza, sasa mnataka nilipie na ya kwenu kwenye umeme wangu?

Mama Neema: Huyo bibi ni mimi. Mwaka juzi mimi nilitoa 20,000 ya moramu. Kuna watu humu walisema "nitatuma kesho". Kesho hiyo bado haijafika. Majina ninayo kwenye daftari la kikoba

(Hapa watu wanne walianza kuandika kwa pamoja, wote wakaacha.)

Doto Fuso: Mimi niseme ukweli. Sitoi 60,000. Barabara nalipia kila nikijaza tangi. Kwenye kila lita ya dizeli kuna hela ya barabara. Nikienda Buzuruga nikirudi nimeshalipa kuliko nyie wote wenye kutembea kwa miguu.

Mwalimu Bahati: Ni kweli ipo. Tozo ya mafuta inaingia Mfuko wa Barabara. Mgawo wa kawaida asilimia 70 ni TANROADS kwa barabara kuu na za mkoa, 30 ni TARURA kwa barabara za vijijini na mijini. Mwaka 2021 ikaongezwa shilingi 100 kwa lita kwa ajili ya hizo za TARURA, kama hii yetu. Lakini Doto, shilingi 100 yako inagawanywa nchi nzima. Haiji hapa kwa Bi. Zawadi ikauliza nani kanituma.

Juma Boda: Na lile shimo lilianza wiki uliyoshusha tripu za mchanga kwa mzee wa ghorofa. Tani ngapi zile? Mimi boda yangu nachimbaje?

Doto Fuso: *Ujumbe huu umefutwa*

Mama Neema: Nimeusoma Doto. Mama yako yupo humu

Mama Kulwa na Doto: Nipo.

Doto Fuso: Samahanini wakubwa. Juma samahani.

Fundi Kulwa: Doto, mimi ndiye niliyetangulia kuja duniani, nisikilize. Mawe yanataka mchanga wa kulalia. Tunahitaji tripu nne. Ukileta nne kwa gari lako, sisi tukaweka dizeli tu, umelipa kuliko 60,000 na hakuna atakayekusema tena.

Doto Fuso: Tripu tatu.

Fundi Kulwa: Nne.

Mama Kulwa na Doto: Nne.

Doto Fuso: Sawa nne. Dizeli mje nayo siku hiyo hiyo, sikopeshi.

Mwenyekiti wa Mtaa: Vizuri. Naona tunaelekea. Mwalimu, suala la uzio?

Mwalimu Bahati: Naliondoa. Nilifikiria mita, sikufikiria nani anapita. Anayekaa mwisho wa njia anapita mita zote kila siku, na uzio wake ni mfupi. Iwe kwa nyumba, sawa kwa sawa.

(Niseme ukweli, mimi mwisho wa njia ndiko ninakokaa. Nilinyamaza.)

Bi. Zawadi wa Kona: Kwa hiyo kona ni nyumba moja.

Mwalimu Bahati: Nyumba moja Bi. Zawadi.

Bi. Zawadi wa Kona: Basi na mimi nitafungua lile duka, mafundi waweke saruji mle isilowe. Ufunguo njooni mchukue kwangu. Siku za kuchimba nitapika uji.

Elia Mpangaji: Na wapangaji?

Mwenyekiti wa Mtaa: Hela inatoka kwa mwenye nyumba. Mpangaji anatoa mikono yake Jumamosi. Baba mwenye nyumba wako nimemwona yupo mtandaoni sasa hivi, kama ana neno aseme.

Baba Happy: Nipo. Nitatoa. Elia na wewe kila kitu unaleta kwenye kikundi.

Mwenyekiti wa Mtaa: Kwa hiyo: 60,000 kila nyumba, kwa awamu tatu za 20,000 kila mwezi. Doto ni mchanga. Waliochanga mwaka juzi?

Mama Neema: Mimi nasamehe ya kwangu. Ila wale wa "nitatuma kesho" waanze na ile 20,000 kwanza, ndipo hii

Mwalimu Bahati: Naunga mkono.

Juma Boda: Naunga mkono na nalipa leo leo maana nipo kwenye hilo daftari 🙈

Pendo Minnesota: Mama yangu nimtumie 60,000 yote kwa mkupuo. Na naomba nyongeza ya saruji mifuko miwili iandikwe kwa jina la marehemu baba.

Mama Neema: Wabheja, asante mwanangu. Mimi nikishika hela kila inayoingia naiandika humu humu, muda ule ule, na picha ya meseji. Sitaki maneno

Mwenyekiti wa Mtaa: Zimebaki nyumba ngapi hazijasema?

(Nilihesabu: nyumba sita, na kile kiwanja kitupu chenye majani cha katikati ya mteremko, ambacho tumekihesabu kama cha 31. Mwenyewe anakaa Dar, tulimwingiza kwenye kikundi mwaka jana, hajawahi kuandika hata neno moja.)

Katibu: Sita, na mwenye kiwanja. Kwa hesabu ya Pendo ya thamani, nadhani yeye ndiye atakayefaidi kuliko wote. Kikiwa na barabara ya mawe mbele kitauzwa bei nyingine.

Fundi Kulwa: Na mtaro mrefu kuliko yote unapita mbele yake.

Mwenyekiti wa Mtaa: Ndugu mwenye kiwanja, shikamoo, tunakuomba neno lako.

*Mwenye Kiwanja ametoka kwenye kikundi*

Juma Boda: 😳

Mama Neema: Namba yake ninayo. Na ya mkewe