Naomba ushauri: nyumba ya urithi Ngamiani haipati mnunuzi

Wakuu, habari za majukumu. Tunauza nyumba ya marehemu baba, Ngamiani hapa Tanga. Mirathi imekamilika, hati ipo, warithi tumekubaliana. Shida wateja. Wanaokuja wanataja nusu ya bei, au wanataka kulipa kwa mafungu. Dalali anasema tusubiri, eti bomba la mafuta kutoka Uganda, linaloishia kule Chongoleani pembeni ya jiji, litapandisha bei. Mimi sioni Chongoleani inaisaidiaje Ngamiani, na subira hailipi kodi ya ardhi. Dada anataka tupangishe vyumba kwanza. Je, nyumba yenye wapangaji haimkimbizi mnunuzi? Na ile kodi ya 10% ya TRA (mamlaka ya mapato) kwenye faida ya mauzo, nyumba ya urithi mnaipigia vipi hesabu? Aliyeuza Tanga karibuni anisaidie.