Mafunzo kwa vitendo Muheza: niombe hospitalini au kwa Afisa Afya wa Kata?

Swali: mwanafunzi wa mwaka wa pili, afya ya mazingira

Habari zenu, wakubwa zangu. Chuo kinatutaka tuanze mafunzo kwa vitendo mwezi Julai, nami ningependa kuyafanyia wilayani Muheza, mkoani Tanga, kwa kuwa nitakaa kwa mama mdogo na kuepuka gharama za chumba. Wenzangu wengi wameomba hospitali za rufaa za mikoa, wakiamini kwamba huko ndiko kwenye kazi na majina ya kuandika kwenye wasifu. Je, mwanafunzi wa fani yangu atajifunza zaidi hospitalini, au kwa Afisa Afya wa Kata? Aidha, ningependa kujua kama naweza kuendelea kujitolea nyakati za likizo, na nianzie wapi.

Jibu la kwanza: Afisa Afya, Kanda ya Ziwa

Mdogo wangu, hospitalini utawaona wagonjwa waliokwisha kuugua, ilhali fani yako inahusu sababu zilizowafikisha hapo. Ukiwa katani utakagua migahawa, bucha na machinjio, utafuatilia ujenzi wa vyoo kaya kwa kaya, utachukua sampuli za maji, na ukizuka ugonjwa wa kuhara utaona jinsi timu inavyowatafuta watu waliokaa karibu na mgonjwa. Kumbuka tu kwamba Sheria ya Afya ya Jamii ya mwaka 2009 imempa mamlaka ya ukaguzi afisa, si mwanafunzi. Usiingie kwenye biashara ya mtu peke yako, hata ukiwa umevaa koti jeupe.

Barua ya utambulisho ya chuo ielekezwe kwa Mkurugenzi Mtendaji wa Halmashauri, nakala kwa Mganga Mkuu wa Wilaya. Ipeleke mapema, kwa maana kufikia Juni ofisi hizo huwa na lundo la maombi, na yanayojibiwa kwa urahisi ni yale yanayotaja kazi mahususi ambayo mwanafunzi anataka kuifanya, kwa mfano kufuatilia usafi wa vyoo vya shule za msingi katika kata moja.

Jibu la pili: mtunza takwimu, kituo cha afya

Nakubaliana na kaka hapo juu kwa sehemu, lakini asikufanye uidharau zahanati. Omba wiki chache za kukaa na vitabu vya MTUHA, yaani rejesta ambamo kituo huandika wagonjwa na huduma, hasa namba 5 cha wagonjwa wa nje, na ufike mwanzoni mwa mwezi, wakati taarifa ya mwezi uliopita inapojumlishwa na kuingizwa kwenye DHIS2, mfumo wa kompyuta wa takwimu za afya. Hapo ndipo utakapogundua kwamba kijiji kimoja kina wagonjwa wengi wa kuhara kuliko vingine, kisha urudi kwa Afisa Afya ukiwa na swali la kulitafutia jibu uwandani. Usipige picha kurasa za vitabu hivyo. Majina yaliyomo ni ya wagonjwa, na tangu mwaka 2022 tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Kusema ulikuwa unaandaa ripoti ya chuo hakutakuokoa.

Jibu la tatu: mtafiti msaidizi, Tanga

Kwa kuwa umeichagua Muheza, tumia bahati iliyopo: kituo cha Amani cha Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu (NIMR) kiko hapo hapo, na kimefanya kazi kwa miaka mingi juu ya malaria, matende na mabusha. Peleka barua na huko.

Kuhusu kujitolea, Chama cha Msalaba Mwekundu hupokea vijana na kuwafundisha huduma ya kwanza, nacho ni mlango rahisi kuliko miradi ya wafadhili, ambayo mingi ilifungwa baada ya fedha za Marekani kusitishwa mwaka 2025. Usichanganye jambo hili na nafasi za wahudumu wa afya ngazi ya jamii chini ya mpango uliozinduliwa Januari 2024. Hao huchaguliwa na wakazi wa eneo lao, na mtu anayekuja wakati wa likizo hawezi kuzijaza.

Muuliza swali

Nawashukuru sana. Nitaomba kata, pamoja na muda mfupi zahanati. Je, halmashauri hutoza ada?

Afisa Afya, Kanda ya Ziwa

Baadhi hutoza. Uliza masjala kabla ya kuondoka chuoni, ulipe kwa namba ya malipo ya serikali, na udai stakabadhi.