Kamera ya dashibodi kwenye Probox: nichukue umeme fyuzi ipi?

SoketiImejaa
Wakuu, salaam. Nataka kufunga kamera mbili kwenye Probox, ya mbele na ya nyuma, bila kugusa soketi ya kiberiti kwa sababu hapo nachajia simu. Kamera imekuja na kipunguza umeme chake chenye nyaya tatu: mwekundu, wa njano na mweusi. Fundi anasema anachuna waya wa redio, anaunga hapo, anapiga tepu, kazi imeisha. Kuna namna safi ya kuchukua kwenye boksi la fyuzi la ndani? Fyuzi ipi?

WayaMbiliNukta5
Mkuu, waya wa redio uache. Hapo kamera italindwa na fyuzi ya redio tu, ambayo ni kubwa mno kwa waya mwembamba kama huo. Ukipiga shoti, waya unaanza kuungua huku fyuzi bado nzima. Na gundi ya tepu ya kawaida huachia kwa joto la dashibodi.

Tafuta adapta ya fyuzi mbili, ile yenye miguu ya kuchomeka kwenye nafasi ya fyuzi, vyumba viwili na mkia wa waya. Chumba kimoja kinapokea fyuzi ya asili, kingine fyuzi ya kamera. Chomoa fyuzi moja uende nayo dukani ulinganishe, maana saizi ziko kadhaa. Adapta ya miguu mipana ukiilazimisha kwenye nafasi ya mini (saizi ndogo ya fyuzi) inapanua meno ya shaba. Ukija kurudisha fyuzi ya asili inacheza, inapata moto, plastiki inayeyuka, na hapo unatafuta boksi zima.

Kwa kawaida mwekundu ni wa ACC (umeme unaokuja funguo ikigeuzwa hatua ya kwanza), wa njano ni wa umeme wa kudumu, mweusi ni bodi, yaani hasi kwenye chuma cha gari. Thibitisha kwenye karatasi ya kamera, rangi hubadilika. Kwa hiyo unahitaji adapta mbili.

Usiamini maandishi ya mfuniko peke yake, pima. Weka mita kwenye volti DC 20, ncha nyeusi kwenye chuma kisicho na rangi, ncha nyekundu kwenye vitundu viwili vidogo vya mgongoni mwa fyuzi. Huna haja ya kuichomoa. Inayosoma 0 funguo ikiwa imetolewa na 12 ukifika ACC, hiyo ni ya mwekundu. Mara nyingi ni iliyoandikwa CIG (soketi ya kiberiti) au ACC. Inayosoma 12 wakati wote ni ya njano, kwa mfano ya taa ya ndani. Funga milango, subiri dakika kadhaa, pima tena, kwa sababu nyaya nyingine huzimika baadaye.

Airbag, ABS, EPS, EFI, IGN na ECU (za mifuko ya hewa, breki, usukani na injini) usiziguse hata kama mita inakupa jibu zuri.

Fyuzi ya kamera iwe ampea 2 (kijivu) au 3 (zambarau), zinatosha sana. Mweusi ufunge kwenye bolti iliyoshika chuma cha bodi, kwangua rangi kwanza, tumia kichwa cha waya cha duara kilichobanwa kwa koleo lake.

Mkondo_Tu
Yote sawa, ila umeruka upande wa kuchomeka, na wengi huukosea. Chomoa fyuzi, washa funguo, pima meno mawili ya nafasi: moja tu lina volti 12, nalo ndilo linaloleta umeme. Mguu wa adapta ulio upande USIOTOKA mkia ndio uingie hapo. Hivyo kila fyuzi inabeba mzigo wake. Ukigeuza, kamera itawaka vizuri tu na hutajua, lakini mkondo wake unapita kwanza kwenye fyuzi ya asili. Kwa kamera si janga. Kwa kitu kizito zaidi, fyuzi ya asili itakuwa inakatika na utamlaumu asiyehusika.

Waya wa kamera ukipanda kwenye nguzo ya kioo, angalia kama pameandikwa SRS AIRBAG. Kama pameandikwa, upite nyuma ya mfuko wa hewa, usikatize mbele yake.

AmpeaSaa
Wa njano ndio unaoua betri. Chukua kamera mbili zinazokula ampea 0.3 gari likiwa limepaki. Ijumaa jioni hadi Jumatatu asubuhi ni saa 60 hivi, yaani Ah (ampea-saa) 18. Betri ndogo ya Ah 35 inabaki chini ya nusu, na kama imezeeka, starta itagonga tu.

Kipunguza umeme kikiwa na swichi ya kukata umeme betri ikishuka, weka volti 12.2 kama ipo, siyo 11.6. Betri iliyotulia ikisoma 12.6 imejaa, 12.2 iko nusu, 11.8 imekwisha. Kama hujali kurekodi ukiwa umepaki, acha wa njano kabisa, ila soma karatasi: kuna kamera zisizowaka hadi wa njano na mwekundu viunganishwe pamoja kwenye ACC.

SoketiImejaa
Nimeelewa, wakuu. Na taa mbili za spoti za wati 55 zinaweza kukaa kwenye adapta hiyo hiyo?

WayaMbiliNukta5
Hapana. Wati 110 kwa volti 12 ni zaidi ya ampea 9, na adapta nyingi mwisho wake ni 10. Hizo zitoke betri kwa waya wa milimita za mraba 2.5, fyuzi ya ampea 15 karibu kabisa na betri, zipite kwenye relei (swichi inayowashwa kwa umeme mdogo), miguu yake ikiwa: 30 umeme wa betri, 87 taa, 85 bodi, 86 swichi. Adapta itumie kulisha swichi peke yake. Koili ya relei haifiki hata nusu ampea.

Na fyuzi ikikatika, usiifunge waya wala karatasi ya sigara. Tafuta shoti kwanza.